Kasha la Kompyuta la Kujitengenezea Mwanza: Ununue Nini, Uache Nini

Bei ya kasha jipya la kompyuta ingeweza kukuongezea RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) au hata diski kubwa zaidi. Ndiyo maana kijana anayejikusanyia vifaa vilivyotumika mara nyingi hubaki na mazabodi nzuri, ule ubao mkuu unaobeba vifaa vyote, imelala mezani, haina nyumba. Ninaposema kasha nina maana ya lile boksi ambalo wengi tumezoea kuliita "CPU", ingawa CPU yenyewe ni kijipande kidogo kilichomo ndani.

Kabla hujatoa senti, pima. Mazabodi ya ATX ina milimita 305 kwa 244, ya microATX 244 kwa 244, na ya Mini-ITX 170 kwa 170. Pawa saplai ya kawaida, boksi linaloigawia kompyuta umeme, ina upana wa milimita 150 na kimo cha 86. Laza mazabodi juu ya gazeti, zungusha penseli pembeni, kisha weka alama kwenye kila tundu la skrubu. Nenda sokoni na gazeti hilo mkononi. Vitu vya kutengenezea kasha nimevipanga hapa chini, kuanzia ninachokipenda zaidi.

Ya kwanza: plaiwudi ya milimita 9

Hii naiweka juu bila kusita. Seremala akimaliza kabati hubakiwa na vipande ambavyo kwake havina kazi tena, na kwa microATX vipande vya namna hiyo vinatosha. Usikubali akuuzie MDF (ubao wa unga wa mbao uliogandamizwa) kwa sababu tu ni laini na inapendeza. MDF ikipata maji huvimba na skrubu hulegea, na nyumba nyingi za huku huvuja masika yakichachamaa.

Plaiwudi haipitishi umeme, lakini usiilaze mazabodi juu yake moja kwa moja. Chini lazima hewa ipite. Kama huna vile vinguzo vya shaba vya kasha kuukuu, kata ganda la kalamu vipande vya sentimita moja, vyote vilingane sawasawa, upitishe skrubu katikati. Piga msasa ncha zake. Kipande kimoja kikizidi urefu, mazabodi hupinda, na ubao uliopinda hukatika nyuzi ndani bila wewe kuona.

Feni ya milimita 120 ina matundu manne ya skrubu yaliyoachana milimita 105. Chora duara, toboa matundu madogo kwa drili kulizunguka, kisha malizia kwa msumeno mwembamba. Feni ya kuingiza hewa ikae chini mbele, ya kutoa ikae juu nyuma, maana hewa ya moto hupanda. Ukiweza, inayoingia iwe nyingi kuliko inayotoka. Hapo vumbi litapita penye chujio tu, halitajipenyeza kwenye kila ufa. Ukipaka vanishi, iache ikauke kabisa kabla ya kufunga chochote.

Ya pili: kreti ya plastiki ya kuwekea mboga

Kreti yangu niliipata soko la Mlango Mmoja, imetumika lakini nzima, kwa bei ndogo kuliko kilo moja ya sangara. Ina matundu kila upande, kwa hiyo joto halina pa kujificha. Inakatika kwa kisu kilichopashwa moto, na mazabodi unaifunga kwenye kipande cha plaiwudi ndani yake. Kreti ya soda usiiguse: hiyo ni ya dhamana, si mali yako.

Tatizo lake nililiona mwenyewe nilipokuwa nakaa karibu na ufukwe. Mnawajua wale wadudu wadogo wa ziwani wanaopanda kama nguzo za moshi, hasa siku za mwezi mwandamo. Usiku mmoja niliacha kompyuta inafanya kazi na taa inawaka. Asubuhi feni ya CPU ilikuwa inazunguka kwa shida, na katikati ya mapezi ya kipoza joto kulikuwa na tope la kijivu, wadudu kwa mamia wamekandamizana. Nilitumia mswaki na karibu saa nzima kulitoa. Tangu siku hiyo kila kasha ninalotengeneza navisha matundu kitambaa cha chandarua kuukuu, na kila mwezi nakivua, nakifua. Mende nao hupenda joto la humo ndani. Chandarua kinawazuia pia.

Ya tatu: ganda la bati la makrowevu

Gumu, linadumu, lakini nunua ganda tupu tu, fundi akiwa ameshalisafisha. Ndani ya makrowevu kuna kapasita ya volti za juu inayoweza kuua hata kama waya hauko ukutani. Usifungue ya kwako nyumbani. Na kwa kuwa bati hupitisha umeme, hapa tumia vinguzo vya shaba vya kweli, na waya wa ethi ufungwe kwenye ganda kwa skrubu.

Ya nne: boksi la karatasi gumu

La kujaribia vifaa wiki moja, basi. Hulainika kwa unyevu, na waya ukichubuka ukatoa cheche, karatasi iko hapo hapo.

Usinunue: boksi la foamu la samaki

Linapatikana, ni jepesi, linakatika kirahisi, na nimeshaona watu wakilitamani. Lakini foamu hiyo imetengenezwa izuie joto lisipite, ndiyo maana barafu ya minofu haiyeyuki upesi. Ukiweka kompyuta humo, joto linalozalishwa linabaki humo humo. Tena foamu ikisuguliwa hujaa umeme tuli, adui wa RAM.

Swichi ya kuwashia isikusumbue: kitufe cha kengele ya mlango, kile kinachorudi chenyewe ukikiachia, nyaya zake mbili zinakwenda kwenye pini za mazabodi zilizoandikwa PWR SW. Pawa saplai iache ndani ya bati lake, usiifungue, kwa kuwa hubaki na chaji hata ikizimwa. Plagi iwe ya pini tatu, na soketi yako iwe na ethi inayofanya kazi.

Ukishafunga kila kitu, iwashe, ipe kazi nzito kwa nusu saa, ukisoma joto la CPU kwenye programu. Kisha funika kifuniko uisome tena. Tofauti ikiwa kubwa, ongeza tundu jingine upande wa juu.