Hifadhidata ya duka la spea: nilivyokosea hadi nikapatia

Nina duka la spea za pikipiki Kariakoo, niko na wahudumu watatu. Tulianza na daftari la madeni, tukaja Excel. Siku moja fundi akaja kulipa deni, natafuta jina lake nakuta watu watatu: "Juma fundi", "Juma Mbagala" na "J. Boxer". Wote ni yeye. Cha kuchekesha, alikuwa anajua deni lake kuliko sisi tunaomdai. Namba za simu nazo zilishaliwa sifuri ya mbele, maana safu ile ilizisoma kama hesabu.

Nikaamua kuhamia mtandaoni, na hapo nikakosea: nilichagua huduma ya hifadhidata, yaani majedwali ya kumbukumbu yanayounganishwa, kabla ya kukaa chini na karatasi. Nilifungua akaunti ya bure kwenye huduma moja, jina nalihifadhi. Inapendeza machoni, jioni moja tu nikawa na majedwali yote. Lakini kifurushi cha bure kilikuwa na mwisho wa rekodi 1,000. Sisi tunauza kama mara 40 kwa siku. Piga hesabu: siku ya 25 kimejaa. Baada ya hapo unalipa kwa dola, kila mwezi, kwa kila anayeingia. Tuko wanne, na shilingi ikishuka bili inapanda yenyewe.

Kilichoniumiza zaidi lakini nilijitengenezea mwenyewe. Bei niliiweka kwenye jedwali la bidhaa tu, mauzo yakawa yanaisoma kutoka huko. Nilipopandisha tairi kutoka 45,000 hadi 48,000, matairi yote ya mwezi uliopita nayo yakahesabika 48,000. Kwenye skrini faida imenona, kwenye droo hakuna kitu. Bei ya siku ya kuuza inatakiwa kuandikwa kwenye mstari wa mauzo wenyewe na kubaki hapo, hata bidhaa ipande mara ngapi.

Kuondoka kule nako kulikuwa na kazi. Nilipakua kila kitu kwa CSV, yaani faili la maandishi matupu ambalo hata Excel inalifungua, majedwali yakatoka vizuri, ila mauzo yalibeba jina la mteja badala ya namba yake ya utambulisho. Kina Juma wakarudi. Siku hizi kabla sijalipia chochote naingiza rekodi kumi za uongo, nazipakua, nazifungua nione zimetoka na nini.

Sasa tunatumia PostgreSQL kwenye seva ya kukodi. Ni programu huria ya hifadhidata, ina jina hilo tangu 1996, na hainitozi kwa idadi ya wahudumu. Nalipia seva tu. Ubaya wake haina sura: nilimlipa kijana anitengenezee fomu ya kwenye simu, na bila yeye nisingeweza. Majedwali ni manne: bidhaa, wateja, mauzo, malipo. Namba ya simu imewekwa kama maandishi, na hairuhusiwi kujirudia kwa wateja wawili, hivyo Juma amebaki mmoja. Kila usiku nakala inajipakua kwenda sehemu nyingine, na mara moja moja tunairudisha kwa majaribio, tujue kama kweli inafunguka.

Safu ya namba ya NIDA niliifuta kabisa. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ianze kutumika Mei 2023, sioni sababu ya kukaa na taarifa za mtu ambazo duka halizihitaji.

Nyota nne kwa tano. Ya tano inakwenda na mtandao: ukikata tunarudi kwenye daftari, jioni tunaingiza. Wiki ya kwanza mauzo ya Jumamosi yote yalisomeka ya Jumatatu, kwa sababu fomu ilikuwa na tarehe moja tu, ile ya kuingiza. Kijana akaongeza ya pili, ya siku ya kuuza. Kwenye karatasi ingenigharimu mstari mmoja wa kalamu. Yeye nilimlipa nauli na nusu siku.