TAHADHARI: esansi (petroli ya gari) "98" ya bidoni inayouzwa magarajini hapa Lubumbashi

Wandugu wenye turbo, Subaru na Mark II za Japani hasa, someni hii kabla ya kutoa makuta.

Kuna kijana anazunguka garaji za komini za Kamalondo na Kenya, hapa mjini, na bidoni za lita 20. Anasema ni "98 ya Afrika Kusini, imepitia Kasumbalesa". Dola 50 bidoni moja. Nilinunua mbili. Mnajua shida yetu: pampu ninazopita mimi zimeandikwa esansi tu, namba ya okteni hakuna (okteni ni uwezo wa esansi kuvumilia kugandamizwa bila kujiwasha yenyewe), na Subaru WRX yangu ilitengenezewa esansi ya Japani inayofika 100. Mwenye njaa hachagui.

Hapo tu ningeshtuka. Pampu za kawaida za Afrika Kusini zinauza 93 na 95. Hiyo 98 ameitoa wapi?

"Papa, weka tu, utaisikia mwenyewe," kijana aliniambia. Kweli niliisikia. Kwenye mlima mdogo, gia ya tatu, turbo ikianza kusukuma, injini ikalia kama mahindi yanayoanza kupasuka kwenye sufuria. Nikaachia mguu, lakini nilikuwa nimekwisha kuisukuma hivyo siku mbili nzima nikidhani ni bomba la moshi. Ujinga wangu. Fundi alipima mgandamizo: silinda tatu ziko sawa, ya nne imelala. Pistoni imevunjika kati ya ringi.

Tulichokuta ndani ya bidoni ni esansi ya kawaida iliyochanganywa na petroli ya taa (mafuta ya taa), na rangi nyekundu ya kupendeza. Petroli ya taa inashusha okteni vibaya sana, mchanganyiko unajiwasha kabla ya moto wa buji (plagi) kufika.

Rangi isiwadanganye, haisemi lolote kuhusu okteni. Dondosha tone kwenye karatasi nyeupe: esansi safi hukauka upesi bila kuacha alama. Yangu iliacha doa la mafuta, hata baada ya kunywa chai lilikuwa bado pale. Au pima lita moja kwenye mizani ya sokoni, ukitoa uzito wa chupa. Esansi ina kama gramu 720 hadi 775, petroli ya taa inakaribia 800. Ila akitia kidogo tu mizani haitamkamata, basi tegemea karatasi na pua.

Kijana huyo huyo anauza pia vichupa vya "kupandisha pointi 30". Pointi moja kwenye vichupa hivyo ni sehemu ya kumi ya okteni, kwa hiyo hata kikiwa cha kweli, 30 ni 3 tu: 91 inakuwa 94. Na vingine vinapaka buji uwekundu kama udongo wetu wa hapa.

Wenye Corolla za kawaida, ninyi hamna haja na mambo haya, 98 ya kweli haitawaongezea nguvu. Wenye turbo, mpaka tupate esansi ya kuaminika, mwambieni fundi apunguze presha ya turbo na arudishe moto nyuma kidogo, yaani buji iwashe kwa kuchelewa kidogo. Gari itakuwa nzito, ndiyo.

Simu ya kijana haipatikani tangu Jumanne. Bidoni yangu ya pili bado imejaa, iko garajini. Anayetaka kuhakikisha aje na karatasi yake.