Sennheiser HD 600: kama unasikilizaga muimbaji kwanza, anzia hapa

Niseme mapema ili asiye na muda aende zake: hizi hedfoni ni nzuri sana kwa sauti ya binadamu na ni dhaifu kwenye besi ya chini kabisa, na karibu yote nitakayoandika hapa yanatokana na hayo mawili. Mi ni mtu wa sauti. Wimbo ukianza namfuata muimbaji, anavuta pumzi wapi, neno analimaliziaje, waitikiaji wako nyuma yake au pembeni yake, ndo nije kwenye gitaa na kinanda, ngoma na besi zinafuata mwisho. Kwa hiyo ukiona nazisifia ujue nasifia nikiwa nimekaa upande gani.

HD 600 zilitoka 1997, miaka ambayo watu wengi walikuwa bado na CD na kaseti, na mpaka leo zinauzwa na watu wanaanza nazo. Kwenye vifaa vya umeme hiyo ni ajabu kwa kweli. Sennheiser ndo hao hao walioleta HD 414 mwaka 1968, zile za sponji ya njano, hedfoni za kwanza za wazi kuuzwa kwa watu wa kawaida, so mpaka wanafika HD 600 walikuwa wamelifanyia kazi wazo moja karibu miaka thelathini. Za wazi maana yake mgongo wa kikombe haujazibwa, kuna wavu wa chuma tu, sauti inatoka nje na ya nje inaingia ndani. Faida yake ni kwamba mawimbi ya nyuma ya dreva, kile kispika kidogo cha ndani, hayagongi ukuta yakarudi sikioni, ndo maana muziki unasikika mwepesi, kama uko chumbani na sio umefungiwa kichwani. Hasara yake unaijua: aliyekaa karibu anasikiliza na wewe, na feni ya chumbani nayo inaingia kwenye wimbo. Kama unazitaka za kwenye basi au ofisini usizinunue hizi, tafuta za kufunga, hapo hakuna cha kubishania.

Sasa sauti yenyewe. Weka wimbo wa mtu mmoja na gitaa, usiokuwa na mambo mengi, utaelewa ndani ya dakika moja mbili. Muimbaji anakuwa mtu. Sio kwamba yuko mkubwa au karibu kuliko kawaida, hapana, ni kwamba uzito wa sauti yake uko sawa, kifua kina kifua chake na koo lina koo lake. Hii ina sababu, sio uchawi. Mfereji wa sikio la binadamu wenyewe unakuza sauti za karibu na herzi 3,000 (herzi ni mitetemo kwa sekunde, namba ndogo ni besi, kubwa ni sauti za juu), na hedfoni isipoiga huo mwinuko vizuri unasikia muimbaji kama kajifunika shuka au kama anakupigia kelele usoni. HD 600 wameuiga vizuri mno. Halafu kuanzia kama herzi 150 kupanda mpaka huko hakuna shimo wala kilima cha maana, na hapo ndo sauti za watu zinapoishi: mwanaume akiongea msingi wa sauti yake uko kama herzi 85 mpaka 180, mwanamke kama 165 mpaka 255, na juu yake ndo zinakaa zile rangi zinazokufanya umtambue mtu kabla hata hajataja jina. Violini, saksafoni, piano, vyote vinafaidi hapo hapo. Kwaya ndo usiseme. Kwaya yenye sauti nne unaweza kuchagua umfuate mwenye tenor mstari mzima, kisha urudie wimbo umfuate alto, na zote utazikuta ziko mahali pake.

Wapo wanaoona huo mwinuko wa 3,000 umezidi kidogo, hasa kwenye rekodi kali za rock au waimbaji wa sauti ya juu, na nawaelewa kabisa. Kwa hao kuna HD 650 za mwaka 2003, ndugu mmoja na hizi, umbo lilelile, ila pale juu zimetulia na chini zimejaa zaidi kidogo. Utasikia watu wanabishana HD 600 au HD 650 kama wanabishania timu za mpira. Tofauti ipo ila ni ndogo, na mara nyingi anayependa moja angeishi na nyingine bila shida. Mi nachagua 600 kwa sababu konsonanti ziko wazi zaidi na mi napenda kusikia maneno, basi.

Besi. Hapa lazima nieleze vizuri kwa sababu ndo panapogawanya watu. Uzi mnene wa gitaa la besi la nyuzi nne ukipigwa wazi unatoa kama herzi 41. HD 600 hapo tayari zimeshashuka, noti unaisikia, unajua ni ipi, ila ule uzito wake mwilini haupo, na besi za kielektroniki zinazoenda mpaka 30 ndo unabaki na kivuli chake tu. Besi ya juu kidogo, ile ya contrabass kwenye jazi au kick ya ngoma ya kawaida, iko safi, ina mwanzo na mwisho, haivujii kwenye sauti ya muimbaji. Lakini mtu wa hip hop, wa amapiano, wa dub, akizivaa anauliza mbona wimbo umekatwa nusu. Na yuko sahihi! Wimbo wake kweli umekatwa, mtayarishaji aliweka kitu pale chini na hizi hazikileti.

Nina rafiki wa karibu sana ambaye muziki kwake unaanzia chini, akisikiliza anatafuta kwanza besi na ngoma zinavyoongea, muimbaji kwake ni kama mapambo. Nilimvalisha hizi akasikiliza kwa utulivu wimbo wake anaoujua, akazivua akasema "nzuri, ila hazina miguu". Nilipenda sana alivyosema. Hakusema ni mbaya. Alisikia kilekile nilichosikia mi, ila kilichokosekana kwake ndo kitu chenyewe alichokuja kukitafuta, na kilichokuwepo kingi yeye hana haja nacho.

Na hii sio maneno tu, imepimwa. Sean Olive na wenzake wa Harman, kampuni ya vifaa vya sauti, walifanya utafiti wa miaka mingi wakiwasikilizisha watu hedfoni za tabia mbalimbali bila kujua wanasikiliza ipi, na kwenye matokeo waliyotoa 2019 asilimia 64 walipenda mkunjo wa sauti, yaani mpangilio wa besi, kati na juu, ambao Harman wenyewe waliutengeneza, asilimia 15 walitaka besi zaidi ya hapo, na asilimia 21 walitaka besi pungufu. Angalia hizo namba vizuri. Wengi wanakubaliana, kweli, kwa hiyo habari ya kusema kila mtu na lake hakuna kizuri wala kibaya sio kweli, lakini mtu mmoja kati ya watatu hayuko pale walipo wengi na sio kwamba masikio yake yana kasoro. Mkunjo wenyewe wa Harman una besi zaidi ya HD 600, so hata wengi wenyewe wangetaka hizi ziongezewe kidogo chini. Mi nahisi niko kwenye ile 21. Rafiki yangu yuko kwenye 15 bila ubishi. Tukikaa pamoja kubadilishana nyimbo tunafaidi wote, ila kumbadilisha mtu kwa nguvu ni kumnyima muziki wake, na hilo nawaomba sana wanaopenda hii hobi waache kulifanya, unamuona mgeni kaja na furaha yake anaambiwa besi ni za watoto. Hapana jamani.

Kuna kitu kingine kinachochanganya huu mjadala wa ladha, nacho ni voliumu. Watafiti Fletcher na Munson walishaonyesha mwaka 1933 kwamba sauti ikiwa ndogo sikio linapoteza besi kwa haraka kuliko linavyopoteza sauti za kati, na ukiongeza voliumu besi inarudi. Kwa hiyo watu wawili wenye hedfoni moja, mmoja anasikiliza taratibu usiku na mwingine anafungulia, wanasikia vitu viwili tofauti kabisa na kila mmoja anaandika maoni yake kwa dhati. Mi nasikiliza kwa sauti ndogo. Ukiwa msikilizaji wa sauti ndogo kama mi ujue HD 600 zitakuwa nyembamba kidogo na itabidi ulipende hilo au uongeze besi kwa ikwalaiza, ile programu ya kupandisha na kushusha besi na sauti za juu. Usikimbilie kuongeza voliumu ili kupata besi, na hasa hizi za wazi zinashawishi maana kelele za nje zinaingia unataka kuzifunika. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na ukipanda juu ya hapo muda salama unapungua haraka sana. Masikio ndo kifaa pekee kwenye huu mnyororo ambacho hakina spea.

Amplifaya sasa. Watu wanatishwa kwamba ni omu 300 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme) hazisukumiki bila limashine likubwa. Ukweli uko katikati. Karatasi ya vipimo ya Sennheiser inasema desibeli 97 kwa volti moja, na adapta ndogo nzuri za simu zinatoa karibu hiyo volti moja, so kwa pop na rap ya siku hizi iliyorekodiwa kwa sauti kubwa utasikia vizuri tu. Shida inakuja kwenye rekodi za orkestra au jazi ya zamani ambazo wastani wake uko chini na vilele viko juu, hapo utafika mwisho wa voliumu na bado unataka. Ukitaka vilele vifike desibeli 110 unahitaji kama volti nne na nusu, na hiyo hata amplifaya ndogo ya mezani inatoa bila jasho. Amplifaya za valvu, zile za mtindo wa zamani zenye taa za kioo, nazo zinaendana na hizi kwa sababu ya kisayansi kabisa: omu za HD 600 sio 300 mwanzo mwisho, karibu na herzi 100 zinapanda kupita 500, kwa hiyo amplifaya yenye omu nyingi mdomoni, pale inapotolea sauti, tuseme 120, inaipa besi hiyo kama desibeli moja ya ziada. Ni kidogo lakini unaisikia, ni joto fulani hivi zuri. Kebo za kubadilisha kwa ajili ya sauti ziache, omu za kebo yake ya mita tatu ni kidogo mno mbele ya hizo 300, haina cha kubadilisha. Na ukilinganisha chochote, amplifaya kwa amplifaya, hedfoni kwa hedfoni, sawazisha voliumu kwanza kwa sababu iliyo juu kidogo itasikika nzuri zaidi kila mara.

Upana wa jukwaa, yaani muziki unavyosikika umetandazwa, sio mkubwa, waliozoea HD 800 za Sennheiser hao hao watahisi wamebanwa, sauti inakaa kushoto, katikati, kulia na kati yake pako wazi kidogo. Mi hainisumbui maana muimbaji wangu yuko katikati. Kuvaa: gramu 260, nyepesi, vitambaa vya velvet havichomi, ila zikiwa mpya zinabana mashavu kwelikweli. Vuta ule mkanda wa chuma mpaka mwisho pande zote uukunjue taratibu kwa mikono, kidogo kidogo, usiguse plastiki.

Kitu ambacho kinanifanya nizipende hata kabla ya kuziwasha ni kwamba zinafumuliwa zote kwa mkono. Kebo inachomoka pande mbili, mito ya masikioni inatoka, sponji ya kichwani inatoka, wavu unatoka, dreva yenyewe inatoka, hakuna gundi, na spea zote zinauzwa. Mito ndo ya kuangalia. Ikilala, sikio linasogelea dreva na sauti inabadilika, juu inakuwa kali na uwazi unapungua, na watu wanauza hedfoni nzima wakidhani ladha yao imebadilika kumbe ni mito imekufa. Ukinunua zilizotumika weka hesabu ya mito mipya palepale.

Kuhusu ikwalaiza, ndiyo, tumia. Ongeza kama desibeli nne au tano chini ya herzi 100, shusha sauti ya jumla kiasi hichohicho ili isipasuke, na kwa voliumu ya kawaida dreva inabeba vizuri, wimbo unapata miguu kweli. Ukizidisha hapo huku umefungulia sana besi inaanza kukoroma, huo ndo mwisho wake na hakuna programu ya kuuvusha. Rafiki yangu nilimwekea hivyo akasikiliza tena, akakubali zimebadilika, akasema bado sio zake. Yake anayoiota ni ya planar, aina ambayo dreva yake ni utando bapa mwembamba, mfano HiFiMan Sundara, ambazo besi zake zinashuka karibu nyoofu mpaka chini kabisa na ni za wazi vilevile, na kwa anavyosikiliza yeye ningemwambia achukue hizo kesho. Akizipata naziazima.