Maktaba Kuu Maisara, mpelekeni mtoto kabla ya mitihani haijafika

Kila msimu wa mitihani ukikaribia wazazi tunaanza kuulizana, mtoto akasomee wapi. Jawabu yangu mie ni moja tu: Maktaba Kuu ya hapa Zanzibar mjini, pale Maisara, ya Shirika la Huduma za Maktaba. Nyota tano bila ya wasiwasi, na naeleza kwanini.

Watu wakisikia maktaba akili inakwenda kwenye vitabu. Vitabu sawa, lakini mie naona kikubwa kuliko vyote pale ni meza. Munajua nyumba zetu hizi za Ng'ambo zilivo, vyumba viwili watu wanane, tivii inapiga kelele, mdogo analia, jirani kaja kupiga soga, na huyo mtoto wa fomu foo kakaa ukingoni mwa kitanda daftari liko magotini anahangaika na hesabati. Tena kama skuli yake ina mikondo miwili na yeye anaingia mchana, asubuhi yote inapotea kwa kutumwa dukani. Mwanangu wa kike mwanzo alikuwa anakwenda kusomea kwenye mgahawa mmoja wenye waifai, lakini kila akikaa kidogo muhudumu keshamsimamia kichwani, basi anunue juisi, kisha anunue nyengine, mpaka tukaona pesa ya juisi inakimbilia kuipita ya tuisheni. Maisara anakaa, anafungua vitabu vyake, hakuna anaemuuliza unakunywa nini. Na kimya cha pale ni kimya kweli, maana kila mtu kaja na shida yake ya kusoma, hata yule mvivu akiona wenzake wameinamisha vichwa anaona haya kuchezea simu.

Elimu bila malipo hapa kwetu ilitangazwa 23 Septemba 1964, ada ikaondoka, alhamdulillahi. Lakini ada sio kila kitu jamani, mtoto bado anataka kitabu cha fizikia na pahala pa kukifungulia, na vitabu dukani bei zake wenyewe munazijua, ukiwa na watoto watatu sekondari hununui ukamaliza. Hapo ndo naona maktaba inapofanya kazi ambayo hakuna mwengine anaeifanya.

Sasa sehemu ya watoto. Hii ndo ilionifanya nikae niandike. Kuna siku namsubiri mwanangu amalize, nikamuona mtoto wa kiume, kofia bado iko kichwani inaonesha katoka chuo cha Kurani moja kwa moja, kachukua kitabu kikubwa cha picha cha Kiingereza kinahusu viumbe vya baharini. Hasomi, anafunua tu kurasa. Akafika kwenye picha ya pweza akaweka kidole pale, hafunui tena. Dada mmoja muhudumu akamuona, akaja akainama karibu yake, akamuuliza kwa sauti ya chini, huyu unamjua? Mtoto akasema pweza, bibi yangu anawachokoa Kizimkazi. Yule dada hakucheka wala hakuondoka, akamuonesha jina la pweza lilivoandikwa kwa Kiingereza, akamsomesha mara mbili tatu mpaka likamkaa mdomoni, halafu akenda rafuni akarudi na kijitabu chembamba cha Kiswahili, akamwambia hiki kisome mwenyewe nitakuja nikuulize. Na wallahi alirudi kumuuliza! Mtoto akamhadithia kuanzia mwanzo hadi mwisho, mikono yote inakwenda. Mie nimesoma skuli miaka yote ile sikumbuki mtu mzima kunifatilia hivo kwa kitabu ambacho hakina mtihani.

Vitabu vya Kiingereza viko vingi, na vyengi vinatoka Book Aid International, taasisi ya Uingereza ilioanza mwaka 1954 na inayoleta vitabu huku kwetu. Vinasaidia sana, maana sera ya elimu ya 2006 ilisema hesabati na sayansi zisomeshwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la 5, kwaiyo mtoto ambae hajakizoea mapema anafika darasa la 5 anakuta ukuta. Ila mtoto kuonja utamu wa kusoma anaonja kwa lugha anayoisema na mama yake, huyo wa pweza ni shahidi wangu. Kwa hivo wachapishaji wetu na wenye uwezo, ukitaka kutoa sadaka inayodumu, nunua vitabu vya hadithi vya Kiswahili upeleke maktaba.

Wazee pia wapo, wastaafu wanaokuja kusoma Zanzibar Leo ukurasa kwa ukurasa hadi matangazo ya vifo, halafu wanalikunja gazeti vizuri na kulirudisha. Wanachuo ndo usiseme.

Kinachoniuma ni ndugu zetu wa shamba. Pemba wana maktaba yao Chake Chake, sawa, lakini mtoto wa Nungwi kuja mjini ni karibu kilomita 60, nauli ya kwenda na kurudi mzee wake ataitoa mara ngapi? Natamani vitabu viwafate huko huko, hata kama ni gari moja inayozunguka skuli kwa skuli.

Kwa mutakaokwenda: wakati wa mitihani wahini asubuhi, viti vya karibu na madirisha vinakwisha haraka. Ukiwa unatafuta magazeti ya zamani sana au hati za enzi za masultani, hizo nenda Nyaraka za Taifa, Kilimani, sio mbali na hapo. Na ukimpeleka mdogo usimchagulie kitabu, muachie wale dada wa sehemu ya watoto, wewe kaa pembeni.