Riwaya Tatu za Mauaji: Mbili Nimezipenda, Moja Imeniudhi

Haya jamani, karibuni. Hapa mezani nina riwaya tatu za mauaji, zote nimezimaliza juzijuzi. Kabla sijashika hata moja, niseme kinachonikera: mtu akisifia kitabu cha namna hii utasikia, "Mwisho wake sasa, hutaamini!" Sawa, siamini. Lakini nikirudi nyuma, dalili zake nitazikuta? Au nilifichwa tu?

Tuanze na hiki chembamba. My Sister, the Serial Killer, cha Oyinkan Braithwaite wa Nigeria, kilitoka 2018. Hapa hakuna cha kumtafuta muuaji. Kitabu kinafunguka tu, Ayoola anampa dada yake taarifa kwamba ameua. Na huyo ni mpenzi wa tatu! Dada mtu, Korede, ni nesi. Anafika, anasugua bafu, hana papara, hata anatuambia kwamba blichi hufunika harufu ya damu. Pale nilikiweka kitabu chini kidogo. Si kwa woga, bali nilijikuta namwombea Korede asiache doa. Yaani kijana wa watu kauawa, mimi nawaza sakafu imetakata au bado.

Halafu kuna daktari, Tade, ambaye Korede anampenda kimyakimya kazini. Siku Ayoola anapotia mguu hospitalini, basi, Tade kwisha habari yake. Taharuki yote inahamia hapo: swali si nani aliua, ni Korede atamlinda nani. Sura ni fupi mno, unasema nasoma moja nilale, unajikuta umesoma kumi. Ila huyo Tade kanichosha. Msomi mzima, akiona uzuri hana tena la kuuliza!

Cha pili ndicho kilichoniudhi. The Silent Patient cha Alex Michaelides, 2019. Mchoraji Alicia anampiga mumewe risasi tano, kisha hasemi tena hata neno. Mwanzo mtamu huo, nakiri. Lakini shajara yake sasa! Mazungumzo marefu neno kwa neno, fulani kasema hivi, nami nikajibu hivi. Wewe unayeandika shajara, ndivyo unavyoandika? Na ule mgeuko wa mwisho, bila kuwaharibia, unategemea mpangilio wa muda ambao mwandishi ameukalia kimya. Nilishtuka, ndiyo. Dakika tano baadaye nikaona nimechezewa. Wapo wanaokipenda sana kwa sababu hiyohiyo, tusigombane.

Cha tatu ni kizee: The Murder of Roger Ackroyd, Agatha Christie, 1926. Hiki nimekirudia. Mpelelezi Poirot amestaafu, amehamia kijijini kulima mamumunye, na tunakutana naye akiwa amevurumisha moja kwa hasira likapita juu ya ukuta, nusura limpate jirani. Nyinyi mliokua na Bwana Msa, yule mpelelezi wa riwaya za Muhammed Said Abdulla, na kiko chake, huyu mzee hatawapa taabu, ni walewale wenye vituko vyao na macho makali.

Sasa ambaye hajakisoma aruke kidogo, maana nakaribia pabaya. Tazameni ukurasa huu, nimepigia mstari kwa penseli. Barua inaletwa saa tatu kasoro dakika ishirini usiku. Sentensi inayofuata, ni saa tatu kasoro kumi, na msimulizi anaondoka. Basi! Dakika kumi zimepita katikati ya sentensi mbili, na mara ya kwanza nilipita hapo kama mtu anayevuka mfereji mkavu. Hakuna uongo hata neno moja. Saa zote mbili zimeandikwa waziwazi, nami nilizisoma kwa macho yangu haya.

Mlionaswa hapohapo, niandikieni chini mlipita ukurasa huu mara ngapi. Jina la muuaji tu msilitaje, kuna wenzetu bado wako sura ya pili.