Tengeru 97 bustanini kwangu: misimu mitatu baada ya kuachana na Money Maker

Nyuma ya nyumba yetu hapa Arusha kuna kijibustani cha hatua kumi kwa sita. Kwa miaka minne nilipanda nyanya aina ya Money Maker humo, kwa sababu ndiyo mbegu aliyoizoea mama na ladha yake naipenda hadi leo. Kila msimu ilikuwa yale yale: miche inashika, inachanua, matunda yanafikia ukubwa wa ndimu, halafu majani ya chini yanageuka njano, mara nyingi upande mmoja tu wa shina. Wiki mbili hazipiti, mche umelala. Niliongeza maji, nikaongeza samadi, nikapiga dawa ya ukungu niliyouziwa dukani. Hela ilikwenda na nyanya zikakauka.

Aliyenifungua macho ni bwana shamba. Aling'oa mche mmoja, akapasua shina karibu na udongo, akanionyesha mstari wa kahawia unaopanda ndani kama rangi ya chai iliyolowa kwenye kitambaa. Kisha akatumbukiza kipande cha shina kwenye glasi ya maji safi, tukasubiri. Ingekuwa mnyauko bakteria, uzi mweupe kama maziwa ungetiririka kutoka kwenye kile kipande. Haukutoka. Ulikuwa mnyauko fuzari, fangasi wanaokaa udongoni miaka na miaka, na dawa ya kupiga majani haiwafikii. Mizizi nayo ilikuwa na mafundo kama shanga, kazi ya minyoo fundo.

"Mama, badilisha mbegu," akaniambia.

Ndipo nikaijua Tengeru 97, iliyotoka mwaka 1997 kwenye utafiti uliofanyika hapa hapa jirani, Tengeru. Inastahimili mnyauko fuzari na minyoo fundo, yaani yale mawili yaliyokuwa yakinimaliza. Msimu wa kwanza nilipanda miche 40 kwenye udongo ule ule, nikapoteza miwili. Nilikuwa naamka asubuhi naipitia mmoja mmoja, siamini. Tulichuma sado kwa sado hadi nikawagawia majirani.

Tunda lake ni gumu, ngozi nene, nyama nyingi. Kwenye kapu jikoni lilikaa wiki mbili bila kulainika. Kwa mchuzi ni zuri sana. Kwa kachumbari, nasema kweli, silipendi: maji ni machache na ngozi unaisikia mdomoni.

Msimu wa pili niliumia. Nilihamishia miche Februari, masika ikaikuta imebeba. Majani yakatoka mabaka kama yaliyomwagiwa maji ya moto, asubuhi chini yake kuna utando mweupe, na ndani ya siku nne nusu ya bustani imekwisha. Hiyo ni bakajani chelewa. Nilikasirika kwamba nimedanganywa, kumbe kosa ni kudhani mbegu inayostahimili ugonjwa mmoja inastahimili yote. Hata kantangaze, yule mdudu anayetoboa majani na matunda, anaila kama nyanya nyingine yoyote. Siku hizi kabla ya kununua mbegu nauliza ugonjwa kwa jina. Kwenye baadhi ya mbegu jina lenyewe linakwambia: ile VF ya Roma VF ni herufi za minyauko miwili, vertisilia na fuzari.

Kwa hiyo msimu wa tatu nilisia kitalu Juni mwanzoni, nikahamishia Julai. Nilitandaza nyasi kavu, nikamwagilia shinani tu, nikaondoa majani yanayogusa udongo. Bilinganya na pilipili nilizihamishia upande mwingine kabisa, maana ni ndugu wa nyanya na magonjwa wanaambukizana. Mavuno yalikuwa mazuri kuliko ya msimu wa kwanza.

Kinachonifurahisha zaidi ni kwamba si chotara, mbegu natunza mwenyewe. Nachagua matunda ya mche wenye afya, nakamua mbegu na ute wake kwenye kikombe, nauacha uchachuke siku mbili, nasuuza, naanika kivulini. Zinaota vizuri na matunda yanatoka yale yale.

Kitalu kipya nimekisia juzi. Money Maker sikuitupa: ipo michache kwenye ndoo karibu na mlango wa jikoni, kwa udongo niliouchukua mbali na bustani, kwa ajili ya kachumbari.