Wakili aliyeniuliza mahari kabla ya wasia

Ndoa yetu ilidumu miaka 26 na watoto wanne, ikaishia kwenye karatasi ya talaka. Eda ilipokwisha nikakumbuka wasia wangu wa 2009, niliokuwa nimeukunja ndani ya msahafu: "Nyumba ya Majengo nampa mke wangu." Mke yupi sasa? Na nikioa tena?

Kwanza nilikwenda kwa mchapaji wa nyaraka mmoja. Akataka 1,500, akabadilisha tarehe tu, akaniambia nitie sahihi. Nikaondoka bila kutia.

Binamu yangu ndiye aliyenielekeza kwa wakili huyu, Barabara ya Nkrumah hapa Mombasa, ghorofa ya pili. Lifti hakuna, na ngazi zile si za magoti ya mstaafu wa bandarini. Nilingoja saa nzima na zaidi. Wakili mwenyewe ni binti wa umri wa mwanangu wa pili. Aliusoma wasia wa zamani mara mbili, akauliza talaka ilikuwa ya namna gani na eda imekwisha lini, kisha:

"Baba, kabla hatujafika kwenye wasia. Mahari yake ulimaliza kumpa?"

Nikanyamaza. Tulitaja 20,000, nusu nilitoa siku ya nikahi, nusu ikabaki dhima. Akanieleza kwamba mahari ni deni, na deni hutolewa kwenye mali kabla ya wasia na kabla ya mirathi. Jioni ile nikamtumia mama watoto 10,000 kwa M-Pesa. Akanijibu, "Shukran."

Lililonigusa zaidi ni hili. Mirathi yetu Waislamu hapa Kenya huenda kwa sheria ya Kiislamu, na mrithi hausiwi ila warithi wenzake waridhie. Alipokuwa mke wangu alikuwa mrithi, kwa hivyo ile karatasi ya 2009 ingewagombanisha wanangu. Sasa eda imekwisha, si mrithi tena, na naweza kumwusia mradi nisivuke thuluthi ya kitakachobaki baada ya mazishi na madeni. Nimesali misikiti mingi mjini humu na sikuwahi kulisikia.

Nyumba yenyewe ni ya Kiswahili, vyumba sita, na ardhi ni ya mtu tunayemlipa kodi. Wakili aliyaandika yote hayo. Mtalaka wangu nimemwusia vyumba viwili vya mbele. Limeandikwa jina lake kamili na nambari ya kitambulisho, neno "mke" halimo. Kuna sentensi inayofuta wasia wa zamani, na mashahidi ni majirani wawili wasiopata kitu ndani yake. Karatasi ya 2009 niliichana palepale. Akanikumbusha pia fomu ya sacco, chama changu cha akiba, inayosema nani apewe akiba yangu nikifa, maana jina la mtalaka wangu lilikuwa bado limo.

Nililipa 12,000 na risiti nikapewa. Kasoro: nakala ya kwanza walikosea tarakimu moja ya kitambulisho changu, ikabidi nizipande zile ngazi tena. Hawakunitoza zaidi. Ukienda, nenda asubuhi, na uchukue karatasi ya talaka na stakabadhi za kodi ya ardhi.

Nakala moja iko ofisini kwao, nyingine anayo kifungua mimba wangu. Ya tatu niliipeleka mwenyewe Kisauni, kwao mama watoto. Aliipokea kwa mikono miwili, akaniuliza kama nimekula.